Tiketi za trafiki nilizoacha Georgia na Virginia 2011 na 2012, sasa narudi Marekani, nifanye nini?

SistaWaKayole

Habari zenu wapendwa, hasa nyinyi mlioko majuu ama mliowahi kukaa huko. Niko na shida na sitaki kuuliza mtu wa kazini juu najua maneno yatakuwa yamefika kila wodi kabla ya jioni.

Mimi ni nesi hapa Nairobi, wodi ya watoto. Nilisomea Texas upande wa Dallas, kuanzia 2009 hadi 2013, halafu mamangu akapata kiharusi nikarudi nyumbani kumwangalia na maisha yakaendelea huku. Sasa hospitali moja ya Minnesota imenichukua, makaratasi yameenda vizuri, kilichobaki ni kujaza ile fomu ndefu ya kuomba visa ya kuhamia, DS-260, halafu ningoje kuitwa intavyuu pale ubalozi wa Marekani, Gigiri. Mume yuko tayari, watoto kila siku wananiuliza theluji inakaa aje mkononi.

Sasa juzi nilikuwa natafuta transkripti kwa lile sanduku nililorudi nalo, nikatoa bahasha ya kaki na ndani kuna karatasi mbili ambazo nilikuwa nimezisahau kabisa, ama niseme ukweli nilijilazimisha kuzisahau. Ya kwanza ni ya Georgia, 2011. Tulikuwa tunaenda harusi ya binamu yangu Marietta, mimi ndio nilikuwa kwa usukani, nikashikwa na maili 88 kwa barabara ya 70. Hiyo nililipa, nilituma mani oda kwa ile koti iliyoandikwa kwa tiketi na kile kipande cha risiti bado kiko hapa. Kwa hivyo hiyo sidhani ni shida.

Ya pili ndio inaninyima usingizi. Virginia, 2012, nilikuwa naenda kumwona dadangu mkubwa Woodbridge, nikashikwa kwa I-81 na maili 84 kwa barabara ya 70. Polisi alikuwa mpole tu, akaniambia nitie sahihi, si kukubali kosa ila ni kukubali nitaenda koti siku fulani. Hiyo siku iliangukia wiki ya mitihani na koti iko mbali na Dallas karibu siku nzima na usiku wa kuendesha, sikuenda. Nilifikiria watanitumia bili nyumbani. Halafu nikahama apatimenti, bili sikuwahi kuiona, mama akagonjeka, nikarudi Kenya. Hakuna mtu amewahi kunipigia wala kuniandikia.

Mume wangu anasema yaliyopita si ndwele, nichome hiyo karatasi tusonge mbele. Mimi roho haitulii. Je hizi tiketi huwa zinaisha nguvu baada ya miaka? Nikishuka uwanja wa ndege wa JFK na watoto naweza kushikwa pale pale? Na leseni je, juu hospitali yenyewe iko nje ya mji na shifti za usiku hakuna basi, nisipoendesha gari kazi yenyewe sitaiweza. Tafadhali mwenye anajua kabisa anijibu, si wa kubahatisha.


TrelaRongai

Sista pole sana, na umefanya vizuri kuuliza kabla hujapanda ndege. Mimi naendesha trela huko Texas miaka kumi na moja sasa, niko nyumbani Rongai wiki tatu hivi kuona wazee. Hii kitu ilinipata mimi mwenyewe kwa hivyo nitakuandikia venye ilienda usije ukapitia nilichopitia.

Nilikuwa na tiketi moja ya zamani ya mji mdogo kwa jimbo lingine la kusini, dola mia moja na kitu, nikaiweka kwa droo nikasema mimi sikai hapa na sirudi hapa. Nikahama. Miaka sita baadaye naenda kuchukua leseni ya trela, nimelipa shule, nimepita mtihani wa maandishi, mama wa kaunta anaandika jina langu kwa kompyuta ananiangalia ananiambia siwezi kukupa leseni, uko na jambo jimbo fulani, nenda umalize huko kwanza urudi. Nilisimama hapo kama mtu amemwagiwa maji.

Ndio nikajua majimbo yanasemezana. Kuna kitu kinaitwa National Driver Register, iko chini ya wizara ya uchukuzi kule Washington. Yenyewe haiweki rekodi ya makosa yako, ni kama daftari la majina tu, jimbo likisimamisha leseni yako ama haki yako ya kuendesha kwao, jina linaingia hapo na mshale unaosema huyu muulize Georgia, huyu muulize Virginia. Ukienda jimbo lolote kuomba leseni, ni lazima wapitishe jina lako hapo. Wakiona mshale hawakupi mpaka lile jimbo la kwanza liseme umemalizana nalo. Na haijalishi miaka ni mingapi, mshale hauzeeki, unakaa mpaka utolewe na yule aliyeuweka.

Kwa hivyo swali lako la kuisha nguvu, usilitegemee. Kuna muda wa serikali kufungua kesi lakini hii yako ilishafunguliwa siku ile uliandikiwa tiketi, na mtu akikosa kwenda koti kesi haifi, inalala tu.

Sasa cheki hapa vizuri. Kulipa koti na kurudishiwa haki ya kuendesha ni vitu viwili tofauti, na hapa ndio wengi wetu huanguka. Unalipa faini kwa koti, koti inatuma habari kwa ofisi ya leseni ya jimbo, halafu hiyo ofisi ya leseni nayo ina ada yake ya kukufungulia. Mimi nililipa koti nikaenda kaunta nikifikiria nimemaliza, nikarudishwa tena. Hata hiyo koti ya kale kamji walipoteza mani oda yangu ya kwanza, ikabidi nitume nyingine kwa barua ya kufuatiliwa, karibu miezi mitatu imeisha na mimi sina kazi. Dola mia moja na kitu ikafika zaidi ya mia nne.

Na sasa ile ya Georgia unayosema si shida, hapo kwa maili 88 ndio nimesimama. Georgia wako na sheria ya Super Speeder tangu Januari 2010, ukipatikana na maili 85 na kuendelea kwa barabara yoyote, ama 75 kwa zile za leni mbili, kuna dola 200 za jimbo juu ya faini ya koti. Hizo 200 hazilipwi kwa koti. Barua inatoka kwa ofisi ya leseni ya Georgia baada ya koti kusema umekubali kosa, na ukituma pesa bila kwenda koti hapo umekubali. Uliwahi kuona hiyo barua? Kama ulihama, ilienda kwa adresi ya zamani. Usipolipa wanasimamisha haki yako ya kuendesha na kuongeza 50. Kwa hivyo usijihesabu salama huko.


Kijana_wa_Umoja

Lakini si Georgia haiko kwa ule mkataba wa majimbo wa kupeana habari za leseni? Nilisoma mahali kuna majimbo hayako, Georgia ikiwa moja. Binamu yangu alikuwa na tiketi ya huko akahamia Ohio na hakuna kitu ilifanyika. Naona mnamtisha sista bure, ni zaidi ya miaka kumi hiyo.


TrelaRongai

@Kijana_wa_Umoja uko sawa nusu. Ule mkataba unaitwa Driver License Compact na ni kweli Georgia, Wisconsin, Michigan, Massachusetts na Tennessee hawako. Huo unahusu kupeleka habari za makosa yako kwa jimbo unakoishi, mambo ya pointi na kadhalika. Kuna mwingine, Nonresident Violator Compact, huo ndio wa watu kama sisi tunaopata tiketi mahali hatuishi halafu tunanyamaza, jimbo lako linaambiwa na linaweza kusimamisha leseni yako ya nyumbani mpaka utii. Huo ndio California, Michigan, Wisconsin, Oregon, Montana na Alaska hawako, lakini Georgia, Virginia, Texas na Minnesota wote wako. Na hata mtu akiponyoka yote mawili, lile daftari la Washington ni sheria ya nchi nzima, halichagui jimbo.

Binamu yako labda tiketi yake haikufika hatua ya kusimamishwa, ama alilipiwa na mtu. Mimi simtishi sista, namwambia vile nililipia kujua. Na sista kwa sababu hiyo hiyo angalia na ile leseni yako ya zamani ya Texas, inaweza kuwa ilisimamishwa kwa ajili ya Virginia bila wewe kujua. Texas wako na ukurasa wa idara yao ya usalama, unaweka namba ya leseni na habari zako inakuonyesha kama uko huru na kama kuna ada, ni bure kuangalia.


SistaWaKayole

Asante sana kaka TrelaRongai, Mungu akubariki. Hiyo barua ya dola 200 sijawahi kuiona hata siku moja. Aki nimekaa miaka yote nikijua Georgia nimemaliza. Nimeshtuka kweli.


MakaratasiSouthB

Dadangu SistaWaKayole, naomba uniskize kwa makini juu mambo ya leseni ndugu yetu ameshakueleza vizuri lakini kuna jambo kubwa zaidi hakuna mtu ameligusa. Nilifanya kazi kwa ofisi ya wakili Maryland miaka tisa, kuandaa makaratasi tu, mimi si wakili, na Virginia tulikuwa nayo jirani kwa hivyo kesi za namna hii nimezishika nyingi.

Nenda uchukue ile karatasi ya Virginia uangalie mahali polisi ameandika kifungu cha sheria. Niambie ni namba gani.


SistaWaKayole

Nimeangalia dada. Kuna 46.2-862. Na kando kuna alama imetiwa kwa neno misdemeanor, wakati huo hata sikujua maana yake ni kubwa hivyo.


MakaratasiSouthB

Ndivyo nilivyoogopa. Hiyo dadangu si tiketi ya spidi. Hiyo ni reckless driving, yaani kuendesha kwa hatari, na Virginia reckless ni kosa la jinai, si la kulipa faini tu. Mwaka 2012 sheria yao ilisema ukipita maili 80 popote, ama ukizidisha kiwango kwa 20, hilo tayari ni reckless hata kama barabara ilikuwa tupu na gari lilikuwa limetulia. Wewe ulikuwa 84. Julai 2020 walipandisha hiyo 80 ikawa 85, kwa hivyo leo hiyo 84 yako kwa barabara ya 70 ingekuwa tiketi ya kawaida, lakini mabadiliko hayarudi nyuma kufuta ya zamani. Adhabu yake ya juu kabisa ni miezi 12 jela na dola 2,500. Usiogope, mtu wa 84 hafungwi miezi kumi na mbili, nakuambia tu ujue darasa la kosa lenyewe.

Na sasa, ulipokosa kwenda, kuna mambo mawili yangeweza kutokea. Hakimu anaweza kusikiza kesi wewe ukiwa haupo, akakupata na hatia akakupiga faini, Virginia wanaruhusiwa kwa makosa ya daraja hilo. Ama akatoa amri ukamatwe. Hizo mbili ni tofauti kabisa kwako na huwezi kujua ni gani mpaka uongee na karani wa ile koti. Wako na mahali pa kutafuta kesi mtandaoni lakini kesi za zamani zinaweza zisionekane huko, usipoiona usiseme imefutwa. Piga simu.

Kwa nini nasisitiza hivi? Ile DS-260 yako ina swali linalouliza kama umewahi kukamatwa AMA kupatikana na hatia ya kosa lolote. Tiketi ya kawaida ya spidi watu hawaisemi hapo na hakuna shida. Lakini kama hakimu wa Virginia alikupata na hatia ya reckless 2012 wakati wewe uko kwa mitihani Dallas, basi wewe ni mtu aliyewahi kupatikana na hatia hata kama hukuwahi kuingia hiyo koti. Ukijaza hapana, hata kama ni kwa kutojua, unaingia kwa intavyuu na jibu lisilo la kweli, na yule ofisa ana alama zako za vidole na rekodi za polisi wa nchi yao mbele yake. Reckless peke yake, bila pombe, bila mtu kuumia, si aina ya kosa linalofungia mtu mlango wa visa. Kuficha ndiko kunafunga. Mtu akionekana alidanganya kuhusu jambo la maana ili apate visa anazuiwa maisha yake yote, na kutoka hapo ni kuomba msamaha maalumu ambao wengi hawapati.

Nimeona mama mmoja, mwalimu, familia nzima imeshauza vitu, akanyimwa kwa sababu ya jambo dogo ambalo kama angelisema lingechukua dakika mbili pale dirishani. Nililia naye. Kwa hivyo mwambie shemeji kwa heshima zote asichome karatasi yoyote.

Ningefanya hivi kama ningekuwa wewe: usiguse DS-260 mpaka ujue Virginia imeandika nini. Ukipata ni hatia, omba nakala rasmi ya hukumu yenye muhuri wa koti, lipa kilichobaki, omba risiti, halafu jibu ndio kwa fomu na ueleze kwa sentensi mbili tatu za ukweli. Ukipata ni amri ya kukamatwa, hapo tafuta wakili wa Virginia, wa hiyo kaunti yenyewe kama inawezekana. Kesi kama hizi mara nyingi wakili anasimama peke yake mbele ya hakimu wewe ukiwa hapa Nairobi, na wako wanaofaulu kuomba lishushwe liwe kosa la kawaida la spidi. Hiyo itakugharimu lakini ni pesa ambayo nisingeionea uchungu.

Kuhusu JFK, zile waranti ndogo za trafiki mara nyingi hukaa kwa mitambo ya jimbo lenyewe na majimbo hayasafirishi mtu kwa ajili ya spidi. Lakini yako, kama ipo, ni ya jinai na singependa ushuke na watoto ukibahatisha. Na hata ukipita, siku ukimtembelea dadako Woodbridge polisi akisimamisha gari kwa taa moja iliyokufa, hapo utafungwa pingu.


TrelaRongai

Dada Makaratasi asante, mimi mwenyewe sikuwa najua hiyo ya 80 ya Virginia na napita I-81 kila mwezi. Hapo umeniongezea.

Sista nyongeza kidogo tu. Unaweza kuuliza lile daftari la Washington wewe mwenyewe kama jina lako liko na ni jimbo gani limekuweka. Ni bure. Ni barua unaandika, majina yako kamili, tarehe ya kuzaliwa, namba ya leseni ya zamani, urefu, rangi ya macho, na sahihi ithibitishwe na nota. Ukiwa na mtu huko anaweza kukusaidia kuifuatilia lakini barua ni yako. Hapa mawakili walio nota wako wengi mjini, pale ubalozini pia wanafanya ila muhuri mmoja ni dola 50. Shida ni muda, posta ni posta, kwa hivyo hiyo iende ikifuatana na simu, usiingoje.


Baba_Neema254

Naongezea upande wa pesa juu nililipia kakangu mdogo faini ya Texas mwaka juzi nikiwa hapa Buruburu.

Koti nyingi zina ukurasa wa kulipia kwa kadi lakini kadi zetu zinagoma, inakuuliza zipu kodi ya Marekani na wewe huna. Nilijaribu kadi ya benki ikakataa, nikajaribu ile kadi ya Visa ya M-Pesa nayo koti moja ikakubali nyingine ikakataa. Mwishowe ile njia ilifanya kazi bila maneno ni kumtumia ndugu aliye huko pesa, yeye aende posta yao anunue mani oda, aandike namba ya kesi juu yake na aitume kwa barua ya kufuatiliwa. Namba ya kesi, si jina tu, juu majina yetu huko wanayaandika vibaya, kakangu walikuwa wamemgeuza jina la katikati likawa la mwisho na kwa wiki mbili tukaambiwa hayuko.

Na hii ni muhimu sana, mkianza kutafuta haya mambo mtandaoni mtaanza kupata matangazo na meseji. Kuna watu wanatuma ujumbe ati uko na faini ya barabara haijalipwa, bonyeza hapa ulipe leo ama leseni inafungwa. FBI wenyewe walitoa onyo kuhusu hizo meseji za ushuru wa barabara Aprili 2024. Koti haikutishi kwa meseji za namna hiyo na haikuiti ulipe kwa kadi za zawadi. Namba ya simu itoe kwa ukurasa wa serikali wa hiyo kaunti ama kwa ile tiketi yenyewe, hata kama ni ya zamani. Kuna ajenti mmoja hapa mjini alikuwa anamwambia kakangu ampe Sh80,000 atasafisha rekodi yote kwa siku tatu. Hakuna mtu Nairobi anasafisha rekodi ya Texas. Tulilipa wenyewe na ikagharimu nusu ya hiyo.


Kijana_wa_Umoja

Nimesoma yote. Sista samahani kwa ile jibu yangu ya kwanza, sikujua kama kuna mambo ya jinai hapo. Nakuombea.


SistaWaKayole

Hakuna shida kakangu, ulikuwa unataka kunipa moyo na nimeshukuru.

Wapendwa nimerudi kuwaambia venye imeenda, zimepita kama siku kumi na sita tangu niandike. Nilipiga Virginia. Wakifungua saa mbili asubuhi yao huku ni saa tisa mchana saa hii ambapo kwao ni majira ya joto, kwa hivyo nilitoka wodini wakati wa chai nikaketi kwa ngazi za nyuma na daftari. Nikashikilia laini dakika ishirini na mbili, bando inaenda, mkono unatetemeka. Karani aliyeshika alikuwa mama, sauti ya upole. Nikampa jina, hayuko. Nikakumbuka maneno ya Baba_Neema, nikamwambia ajaribu jina langu la katikati kama la mwisho, nikasikia anabonyeza halafu akasema hapa uko.

Ilisikizwa siku ile ile bila mimi. Nilipatikana na hatia, faini na gharama za koti, na hazijalipwa mpaka leo. Amri ya kukamatwa HAKUNA. Nilimuuliza mara tatu, akarudia mara tatu, hakuna. Nilishusha simu nikalia pale pale kwa ngazi, sista wa zamu akaja akidhani nimepata habari za msiba.

Aliniambia pia zamani leseni ilikuwa inasimamishwa kwa kukosa kulipa faini za koti lakini Virginia walifuta hiyo sheria Julai 2020 na zile za zamani za sababu hiyo zikafunguliwa. Kwa hivyo kwa leseni huko Virginia siko kwa mshale, lakini ile hatia iko na itaendelea kuwepo. Dadangu wa Woodbridge alichukua siku moja ya likizo akaendesha mpaka huko, akalipa kwa dirisha, na akanichukulia nakala mbili za hukumu zenye muhuri. Moja iko njiani na mtu anayesafiri, moja amebaki nayo.

Georgia ilikuwa kama alivyosema kaka TrelaRongai neno kwa neno. Ile 200 ilikuwa inaningoja tangu 2011, na 50 juu yake, jumla kama Sh32,000. Nilikuwa nimesimamishwa huko miaka yote hiyo na mimi najua nimelipa. Nimelipa Jumatatu, nimeambiwa nipewe siku kadhaa sistimu ionyeshe, nimeomba barua ya kuthibitisha.

Usiku huo nilikaa na mume wangu nikamsomea maandishi ya dada MakaratasiSouthB moja kwa moja kwa simu. Alinyamaza kidogo halafu akasema niletee hiyo bahasha, akaiweka kwa faili ya vyeti vya watoto.

Bado naomba msaada kwa mambo mawili. Dada Makaratasi, pale kwa DS-260 kuna nafasi ndogo ya kueleza, nimeandika hivi: mwaka 2012 nilisimamishwa Virginia kwa kuendesha maili 84 kwa barabara ya 70, sikuhudhuria koti, nilipatikana na hatia ya reckless driving bila kuwepo, nimelipa faini yote na nina nakala ya hukumu. Hiyo inatosha ama niongeze kwamba nilijua juu ya hukumu mwaka huu tu?

Na kaka TrelaRongai, ule ukurasa wa Texas unasema namba yangu haipatikani. Leseni yenyewe ilishaisha miaka mingi. Niwapigie?


MakaratasiSouthB

Dadangu nimefurahi mpaka nimesimama. Ongeza hiyo, ni kweli na ni muhimu, weka tarehe uliyopiga simu kwa koti. Usiongeze sababu za mitihani wala za mama, wakitaka watakuuliza dirishani na utawajibu. Nenda na nakala halisi yenye muhuri siku ya intavyuu, si skani. Na kama unaweza kupata nusu saa na wakili wa uhamiaji aisome fomu kabla hujabonyeza kutuma, fanya hivyo, ya kwako ni safi lakini macho ya pili hayadhuru.


TrelaRongai

Wapigie sista, leseni iliyoisha zamani wakati mwingine haitoki kwa ukurasa lakini karani anaiona. Huko Texas saa mbili asubuhi ni saa kumi jioni yako. Muulize maneno haya haya: kuna kitu chochote kinachozuia jina langu kupewa leseni jimbo lingine? Andika jina la aliyekujibu na saa.

Minnesota wanakupa siku 60 ukishahamia kuchukua leseni yao. Ile ya hapa Kenya haitakuondolea mtihani, utafanya wa maandishi na wa barabarani, kwa hivyo pakua kile kitabu chao sasa uanze kusoma ukiwa kwa matatu. Na ukifika Novemba usiendeshe usiku wa kwanza peke yako kwa barafu, tafuta mtu wa huko akae kando yako.


SistaWaKayole

Nimeshapakua. Kesho saa kumi nawapigia Texas, nitawaambia.